Hilux, Peugeot 504 au Land Rover: pikapu ipi kuukuu ya kuirudisha barabarani Unguja na Pemba?

Pikapu ya zamani ikiuzwa hapa kwetu, sifa ya kwanza utakayoambiwa ni injini. "Imefanywa ovaholi, pistoni mpya, ringi mpya, na tangu ifanywe haijatembea." Boneti hufunguliwa, injini huwashwa, mnunuzi husikiliza mlio, na bei hupanda hapohapo. Haya nayaandika kwa ajili ya mtu aliyesimama mbele ya boneti hiyo akiwa na fedha ya gari moja tu. Gari anazoweza kuletewa bado ni tatu: Toyota Hilux za miaka ya 1970 na 1980, Peugeot 504 pikapu, na Land Rover ya springi, hasa ile ya Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985.

Mimi nasema injini iwe jambo la mwisho kulinganishwa, si la kwanza. Injini iliyokwisha kutengenezwa ni kazi iliyofanyika, tena ni kazi ambayo mafundi wetu wanaiweza. Kilichobaki ndicho kitakachokufikisha au kukuacha njiani: chesisi, breki, stelingi, maji ya kupoza injini, na waya. Mtu wa kisiwani ana la zaidi, maana kipuri kisichopatikana mjini Unguja kinasubiri boti ya Dar es Salaam, na ukiwa Wete au Konde kinasubiri boti nyingine tena. Gari tatu hizi zinatofautiana sana hapo, kuliko zinavyotofautiana kwenye nguvu za injini.

Kutu

Land Rover ndiyo inayodanganya zaidi. Bodi yake ni ya alumini, kwa sababu ilipotoka mara ya kwanza mwaka 1948 chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo Uingereza baada ya vita, na alumini ilikuwepo. Kwa hiyo utaiona gari ya miaka 40 imekaa ufukweni Jambiani na mbavu zake ni safi. Chini yake, lakini, kuna chesisi ya chuma yenye umbo la boksi, na boksi hilo huliwa kutokea ndani. Matope na maji ya chumvi yakishaingia hayatoki, na nje rangi inabaki nzuri hadi siku unapoingiza bisibisi nayo ikatokea upande wa pili. Penye mkutano wa alumini na chuma, chumvi huifanya alumini iliwe haraka. Ukiona unga mweupe kando ya bolti, ujue kazi imeshaanza. Gonga kwa nyundo ndogo boriti ya nyuma, vishikizo vya springi, na sakafu chini ya miguu ya dereva. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti ya kufa.

Uzuri wake ni kwamba chesisi hiyo ina mistari iliyonyooka. Fundi mzuri wa kuchomea, akiwa na bati nene na muda, anaweza kukata kipande kibovu na kuweka kizima, na bodi yote imefungwa kwa bolti, unaivua unavyotaka.

Hilux nayo ina chesisi yake peke yake na kebini peke yake. Ugonjwa wake mkubwa ni karai la nyuma, la kubebea mzigo, na sehemu ya chesisi iliyo juu ya ekseli, penye vishikizo vya springi. Karai likioza si msiba. Visiwa hivi vina maseremala waliokaa miaka mingi wakijenga bodi za mbao za daladala, na karai la mbao juu ya Hilux ni kazi wanayoifanya vizuri. Mimi hata nalipendelea kwa anayebeba mwani au samaki wa Tumbe, kwa sababu bati lililokunjwa mara mbili linashika maji ya chumvi kwenye mikunjo, mbao zilizopangwa kwa nafasi zinayaachia. Chesisi ikiwa imeliwa juu ya ekseli, hilo ni jambo jingine. Hapo ndipo mzigo wote unapokaa, na kiraka kilichochomewa ovyo hapo kitapasuka siku ya mzigo mkubwa wa karafuu.

Kwenye Peugeot 504 ndipo ninapokuwa mkali. Mbele yake shokapu na springi zimo pamoja katika nguzo moja, na kichwa cha nguzo hiyo kinashikiliwa na bati la ndani ya bodi, chini ya boneti. Bati hilo likioza, gurudumu la mbele halina pa kujishikilia. Lifungue boneti, acha kuangalia injini, angalia pale juu ya nguzo pande zote mbili: kuna mapovu ya rangi? Kuna puti? Kuna kiraka kipya kilichopakwa rangi nyeusi? Kulichomea eneo hilo hadi magurudumu yakae sawa kunahitaji fundi wa bodi mwenye vipimo, na mafundi wa namna hiyo si wengi. 504 yenye nguzo zilizooza naiacha hata ikiwa injini yake imetoka kutengenezwa jana.

Breki na stelingi

Anayeendesha Unguja tu, kutoka mjini hadi Paje barabara ikiwa imenyooka mbele yake, anaweza kusahau breki ni kitu gani. Pemba haikusahaulishi. Barabara inapanda na kushuka kutoka Mkoani hadi Konde, kona baada ya kona, na wakati wa karafuu pikapu inashuka imejaa magunia na watu wamekaa juu yake.

Kama ilivyotoka kiwandani, 504 ndiyo inayosimama vizuri kuliko zote tatu. Ina diski mbele, dramu nyuma, na hidrovaki ya kusaidia mguu. Stelingi yake ni ya meno na mhimili, nyepesi na ya uhakika, bila boksi la kati linalolegea. Dereva aliyetoka kwenye Land Rover akaingia kwenye 504 atahisi amepewa mikono mipya.

Hilux inategemea mwaka. Za mwanzo wa miaka ya 1970 zina dramu magurudumu yote manne, za baadaye zina diski mbele. Ukiwa na hiari, chukua ya diski. Stelingi yake ni ya boksi, na boksi lililochakaa linaonekana: mtu mmoja ashike usukani auchezeshe kidogo kulia na kushoto, wewe ukiwa chini unaangalia ni wapi mchezo unapotelea, kwenye boksi, kwenye tairodi au kwenye boljointi. Vitu hivyo vyote kwa Hilux vinabadilishika.

Land Rover ina dramu pande zote nne na stelingi nzito. Nyingi za zamani zina njia moja tu ya maji ya breki kwa magurudumu yote. Maana yake ni kwamba mpira wa gurudumu moja ukivuja, hupotezi breki ya gurudumu hilo tu, unapoteza breki zote, na kinachobaki ni handibreki inayoshika propela. Gari ya namna hii si lazima uikatae, lakini usiipandishe barabarani mpaka masta silinda (pampu kuu ya breki), silinda ndogo za magurudumu, paipu na mipira yake vyote vimekuwa vipya, si vilivyosafishwa. Zipo Land Rover zilizotoka na masta silinda ya njia mbili, na kufunga ya namna hiyo ni fedha iliyotumika mahali pake.

Nimewahi kusikia mazungumzo haya ya muuzaji kijana na mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori Chake Chake:

"Baba, breki ipo. Unapiga pampu mara tatu tu, inashika."

"Mwanangu, hiyo haipo."

Mzee yule alisema kweli. Kupiga pampu ni dalili ya hewa, uvujaji au silinda iliyochakaa, na mteremko haungojei mara ya tatu.

Hapa ndipo ile sifa ya "haijatembea" inapogeuka kuwa aibu. Gari iliyokaa gereji ikisubiri pistoni kutoka Dar imekaa kwenye unyevunyevu wa pwani miezi mingi. Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango chake hushuka hadi nyuzi 140, na ndani ya silinda unyevu huo huo unafanya kutu na kuikwamisha. Kwa hiyo kadiri injini ilivyochukua muda kutengenezwa, ndivyo breki zilivyoharibika. Nenda na fundi, mfungue magurudumu yote manne. Tairi nazo ni hivyo hivyo: soma tarakimu nne ubavuni, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Tairi yenye 1409 ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2009, hata kama kashata zake bado zimejaa.

Sasa injini

Kwa injini, Peugeot ina jambo moja zuri sana. Injini za petroli za 504 zina slivu, yaani mirija ya silinda, zinazotoka na zinazozungukwa na maji. Fundi anavua slivu na pistoni kuukuu, anaweka seti mpya, bila kupeleka bloku kwenye mashine ya kuchonga. Kwa mtu wa Pemba hilo ni jambo kubwa, kwa sababu bloku haihitaji kupandishwa boti. Ila slivu zinatakiwa zikae juu ya uso wa bloku kwa kimo sahihi na mipira yake ya chini iwe mizima. Zikikosewa, maji yatateremka kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili: ukiona rangi ya maziwa, ovaholi hiyo haikufanyika sawasawa.

Hilux na Land Rover silinda zake huchongwa kwenye mashine na kuwekewa pistoni za ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko za mwanzo. Muulize muuzaji saizi iliyowekwa ni ipi na risiti ya kuchongea iko wapi. Anayesema "imechongwa" bila kujua saizi, huenda amebadilisha ringi tu, na injini ya ringi mpya ndani ya silinda iliyochakaa itakuwa nzuri kwa muda mfupi kisha itaanza kula oili. Kwa Hilux ya dizeli yenye injini ya 2L (hilo ni jina la injini, si lita mbili) ongeza swali la silinda hedi. Injini hiyo ikichemka, hedi yake hupasuka kwa urahisi, kwa hiyo hedi iliyopimwa kwa presha ni muhimu kuliko pistoni mpya. Kwa injini za petroli za zamani, uliza pia kuhusu viti vya valvu. Zilibuniwa wakati petroli ilikuwa na risasi, ambayo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia 2006, na wakati wa ovaholi ndiyo nafasi nzuri ya kuweka viti vya chuma kigumu.

Kisha maji. Maji ya visima vyetu, Unguja hasa, yanapita kwenye mawe ya matumbawe na yana chokaa nyingi. Birika la nyumbani linakuonyesha. Chokaa hiyo hiyo inaganda ndani ya rejeta. Kuweka injini mpya nyuma ya rejeta iliyoziba ni kuichoma kazi yote ya fundi. Rejeta itolewe, izibuliwe au ibadilishwe, mipira iwe mipya, thamostati irudishwe mahali pake (mafundi wetu wengi huitoa, na mimi sikubaliani nao), na mjazo uwe maji ya mvua yaliyochujwa au yaliyotoneshwa pamoja na kuluenti (dawa ya maji ya rejeta). Kwa 504 yenye hedi ya alumini hili si la hiari.

Siku za kuilainisha injini ni zile zile kwa zote tatu. Usiiache iungurume tu imesimama, wala usiipakie. Iendeshe kwa mwendo unaobadilika, usiing'ang'anize gia kubwa mlimani, badilisha oili na chujio mapema, karibu kilomita 800 hadi 1,000 za mwanzo, kisha mwambie fundi apime tena tapeti, yaani nafasi ya valvu. Land Rover ya petroli ya lita 2.25 ni milimita 0.25 kwa valvu zote. 504 ya petroli, injini ikiwa baridi, ni 0.10 kwa za kuingiza na 0.25 kwa za kutolea moshi. Hilux yenye injini ya petroli ya 22R hupimwa injini ikiwa moto: 0.20 za kuingiza, 0.30 za kutolea. Fundi anayepima zote kwa "uzoefu wa mkono" mtafutie filagegi, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi.

Vipuri na bahari

Ukiniuliza kwa nini Hilux inashinda mara nyingi, jibu langu ni Hiace. Injini za dizeli za 2L na 3L zilizomo kwenye Hilux zimo pia kwenye Hiace, na Hiace zimejaa visiwani, za abiria na za kubeba wageni wa hoteli. Kwa hiyo gasketi, pampu ya maji, starta, hata fundi anayejua sauti ya injini hiyo, vipo karibu. Hilux ya 1968 hadi katikati ya miaka ya 1970 haina unafuu huo kwa kiwango hicho hicho. Injini zake za 12R na mfano wake ni za kizazi kingine. Usinunue jina la Hilux, nunua mwaka wenye vipuri.

Land Rover ilitengenezwa kwa wingi mno kiasi kwamba vipuri vyake bado vinatengenezwa hadi leo. Dar es Salaam na Arusha, ambako gari hizi zimefanya kazi ya utalii na mashamba miaka mingi, ndiko pa kuulizia. Vinapatikana, lakini vinasubiriwa. Na angalia waya: Land Rover za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilifungwa betri kinyume, chanya kwenye bodi. Anayekuja kufunga redio au alternata bila kujua hilo ataunguza vitu.

504 wazee wanaipenda, na wana sababu. Kabla yake Peugeot 404 ilishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967, ikiendeshwa na Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania, na 504 yenyewe ikashinda 1975 na 1978. Mapenzi hayo yalijengwa na ushahidi. Lakini pikapu yake iliacha kutengenezwa Ufaransa mwaka 1993, na ingawa Kenya waliiunganisha kwa miaka mingi, mafundi waliokulia ndani yake wanastaafu. Kama una fundi wa Peugeot mtaani kwako Jang'ombe au Mikunguni, mtu mwenye vipuri alivyoviweka na anayeijua gia yake ya kwenye usukani, basi una kitu ambacho wengine hawana. Kama huna, usianze kumtafuta baada ya kununua.

Karatasi nazo ziangalie kabla ya fedha kutoka. Zanzibar ina usajili wake, namba zinaanza na Z. Gari yenye namba ya Bara ya T ina shughuli zake za kuhamishwa, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu. Linganisha namba ya injini na ile iliyoandikwa kwenye kadi. Land Rover nyingi zimebadilishwa injini, pengine zaidi ya mara moja, na bloku iliyoandikwa namba nyingine ni usumbufu utakaokukuta kwenye ukaguzi wakati umeshamaliza kila kitu kingine.

Nani achukue ipi

Uko Pemba, gari ni ya kazi, unataka mwezi ujao ibebe mchanga na karafuu: chukua Hilux ya miaka ya 1980 ya dizeli, yenye chesisi nzima juu ya ekseli na diski mbele, hata kama karai lake ni bovu na rangi imekufa. Nikiwa na Hilux ya namna hiyo ambayo injini yake imechoka, na 504 ambayo injini yake imetengenezwa vizuri lakini sina fundi wake, bado nachukua Hilux.

Uko shamba, njia yako ni ya udongo, huna haraka, na una fundi wa kuchomea unayemwamini: Land Rover itakufaa kuliko zote, kwa sharti chesisi iwe ya kutengenezeka na breki zote ziwe mpya. Mwendo wake ni mdogo, kelele yake ni kubwa, lakini hakuna kitu ndani yake ambacho fundi mwenye spana hawezi kukifikia. Weka seti ya spana za inchi, za milimita hazitoshi.

Uko mjini Unguja, unabeba mizigo myepesi, fundi wa Peugeot yupo, na nguzo za mbele ni safi: 504 itakupa uendeshaji bora kuliko hizo mbili na hutajuta.

Kwa yoyote kati ya hizo, mpangilio wa kazi usigeuzwe: chesisi, breki, stelingi, maji, waya na taa, tairi, kisha rangi ikiwa fedha imebaki. Rangi ikija mwanzo inafunika yale ambayo mkaguzi na wewe mnatakiwa kuyaona. Na kabla ya kulipa chochote, omba jeki na saa chache na gari hiyo pamoja na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Muuzaji akikubali kuwasha injini lakini akakataa magurudumu yafunguliwe, mshukuru, ukaiangalie gari nyingine.